Sentensi Niliyoiruka

Wadogo zangu wa labo ya hospitali, mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu, mkaninunulia hata daftari ili nisiwe na kisingizio. Daftari limekaa juu ya meza yangu tangu sherehe ile ya kuniaga, ya soda na biskuti, mliyonifanyia. Nimelifungua mara nyingi na kulifunga. Kila nikitaka kuandika kuhusu kazi, mkono unaandika jina la mtoto mmoja wa kijiji cha Mudaka, Nsimire. Basi nitaanza mwanzo, na nikimfikia nitakaa kwake kadiri ninavyotaka. Nyinyi mna haraka. Mimi sina tena.

Siku ya kwanza niliingia labo nimevaa blouse, lile koti jeupe la labo, ya kuazima, mikono yake ikinifika kwenye vidole. Mkuu wa labo, Papa Birindwa, alikuwa ameinama kwenye hadubini akipiga mluzi mdogo wa kanisani. Hakuinua kichwa.

"Uko nani?"

"Niko Faida, papa. Niko na diploma ya labo."

"Diploma iko muzuri. Chupa za kuosha njo zile."

Niliosha vioo kwa wiki tatu. Wiki ya nne alivikagua kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia nusu. Alikuwa mtu mfupi, mkaaji wa Kadutu, aliyepanda na kushuka vile vijia vya mlimani kila asubuhi kwa miguu, na wakati wa mvua viatu vyake vilikuja ndani ya mfuko wa plastiki, avivae mlangoni. Umeme ulipokatika tulisogeza hadubini dirishani na kulifanyisha jua kazi kupitia kioo kidogo chini yake. Wingu likipita, tulingoja. Nyinyi mngesema mashine imegoma. Sisi tulisema jua limekwenda kula.

Sukari hatukuipima kama mnavyoipima leo, tone moja la damu na sekunde tano. Mara nyingi tulipima mkojo. Unachukua kioo, ile neli ya kupimia, unatia dawa ya bluu, unadondoshea matone manane ya mkojo, unachemsha juu ya taa ya alkoli huku umekishika na kibano. Bluu ikibaki bluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Njano, zaidi. Ikifika rangi ya tofali, mtu huyo yuko hatarini. Ukichemsha bila kutikisa, kioo kinakurushia kila kitu usoni, na hapo utajifunza upesi kuliko shuleni.

Siwaonei wivu kwa mashine zenu. Kidogo tu.

Papa Birindwa alipenda kunihoji nikiwa na mikono ndani ya sabuni. "Faida, wewe haujakula tangu jana. Mimi nimekula bugali saa ine iliyopita. Nani kati yetu iko na sukari mingi katika damu?"

"Wewe, papa."

"Tuko karibu sawa. Njo ajabu yenyewe ile."

Kisha alinieleza, na sijasikia mtu aliyeeleza vizuri kumshinda. Ukila bugali, unga unavunjika tumboni unakuwa sukari, na sukari inaingia katika damu. Kongosho, kiungo kidogo kilicholala nyuma ya tumbo, linahisi kwamba sukari imepanda, linamwaga insulini. Insulini inaifungulia misuli mlango ili ichukue sukari na kufanya kazi, na inaliamuru ini liweke akiba. Ukikaa na njaa, insulini inapungua, kongosho linatuma homoni nyingine, glukagoni, na ini linaanza kutoa akiba ile polepole. Kupanda na kushuka, mchana na usiku, ili ubongo usikose chakula na damu isijae sukari.

"Kongosho haijuwe congé," alisema, kwa maana ya likizo. "Siku itaenda congé, utajua kazi yake."

Nilikuwa na zaidi ya miaka kumi na tano kazini Nsimire alipoletwa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake, Papa Mushagalusa, mkulima, alimbeba mgongoni kutoka barabarani mpaka kwenye benchi letu, maana kitanda cha magurudumu kilikuwa na mtu mwingine. Miguu ya mtoto ilining'inia kama ya mtoto wa miaka sita. Macho yalikuwa yameingia ndani, naye alikuwa akipumua kwa nguvu na kwa kina, kama mtu aliyepanda Kadutu na gunia kichwani, ilhali amelala.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa amekunywa dawa za malaria, dawa za minyoo, na majani ya mtu wa jirani. Baba yake alinionyesha vikaratasi vyote.

"Lakini sisi tunajua ni nini," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ni karuho."

Mnajua neno hilo. Kwetu mtu akikonda bila sababu, kuna aliyemtilia sumu, na sumu hiyo ina jina kabla haijapimwa. Mama mzazi wa Nsimire alikuwa amefariki, na baba alikuwa ameoa mke mwingine, Nabintu, ambaye hakuwa amezaa. Nabintu ndiye aliyempikia mtoto. Basi ukoo ulikaa nusu saa tu, ukamfukuza. Wakati ule alikuwa kwa kaka yake, ng'ambo ya barabara, akiwa na godoro na sufuria moja.

Papa Birindwa alimwinamia mtoto, akanusa pumzi yake. Akaniita ninuse. Ilikuwa harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi.

"Anakunywaka maji?" aliuliza.

"Papa, anaweza maliza bidon, dumu muzima."

"Na mukojo?"

"Kila saa. Hata kwa kitanda, mutoto mukubwa hivi."

Nilichemsha. Ile bluu haikupita kwenye kijani wala njano kwa namna ya kuonekana. Ilikwenda moja kwa moja kwenye tofali. Nilikimbia na kioo mkononi mpaka kwa daktari, bila hata kuandika namba, na Papa Birindwa, ambaye angeniadhibu kwa jambo hilo siku nyingine, alinifungulia mlango.

Kongosho la Nsimire lilikuwa limeacha kutoa insulini. Sukari ilijaa katika damu na isiweze kuingia mwilini, kama chakula kilichorundikwa nje ya nyumba iliyofungwa. Figo zikaitupa kwenye mkojo, nayo ikavuta maji mengi nyuma yake. Ndiyo maana ya kiu ile. Mwili wenye njaa ukageukia mafuta yake wenyewe, na moshi wa moto huo ni asidi inayonukia katika pumzi na kumfanya mtu ahangaike kupumua. Siku chache zaidi angekufa, na Nabintu angekuwa mchawi mpaka mwisho wa maisha yake.

Walimwekea maji ya mishipa na insulini. Siku ya pili alifungua macho. Siku ya nne aliomba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Baba yake aliomba karatasi ya kuonyesha ukoo kwamba si sumu. Daktari aliandika, kwa Kifaransa kizuri sana.

"Nani kule atasoma ile?" Papa Birindwa aliniuliza. Jumamosi alifunga taa ya alkoli, vioo viwili na chupa ya bluu ndani ya taulo, tukaenda Mudaka.

Tulipokewa uani na kaka mkubwa wa baba yake Nsimire, Muzee Bahizire, ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho katika ukoo. Watu walijaa mpaka kwenye uzio. Papa Birindwa alimsalimia kwa heshima zote za Mashi, lugha ya huko, kisha akampa kikombe.

"Muzee, ninaomba mukojo yako kidogo."

Watu walicheka. Mzee hakucheka, lakini alizunguka nyuma ya nyumba. Tukachemsha mkojo wake mbele ya kila mtu: bluu ikabaki bluu. Kisha tukachemsha wa Nsimire, tuliouchukua asubuhi ile hospitalini. Sukari yake ilikuwa bado haijatulia. Kijani, njano, chungwa, tofali. Nilisikia mama mmoja akimwita Yesu.

Muzee Bahizire alikitazama kioo kwa muda mrefu. "Na sumu, haiwezi leta rangi hii?"

Lilikuwa swali zuri, na Papa Birindwa hakulidharau. "Muzee, rangi hii inaonyesha sukari tu. Kama ingekuwa sumu, dawa ya sukari haingemuamusha. Sasa anaomba sambaza. Ni mwili yake yenyewe ilipiga kongosho mpaka ikazima. Kwa nini, hata wadokta hawajuwe muzuri. Lakini hakuna mutu alitia kitu ndani ya chakula."

"Sasa atapona lini?"

"Hatapona. Ataishi. Kila siku sindano, maisha yote."

Hapo watu wakaanza kuulizana. Nani atapiga sindano hiyo? Baba alisema hataweza kumchoma mtoto wake mwenyewe. Wake wa mzee walitazama chini. Kisha mwanamke mwembamba aliyekuwa amesimama muda wote nje ya ua, na ambaye mimi nilimdhania mpita njia, aliingia.

"Mimi nitamupiga," alisema.

"Wewe?" Muzee Bahizire aliuliza.

"Mimi njo ninaamukaka wa kwanza."

Ndivyo nilivyomwona Nabintu kwa mara ya kwanza. Alisema kwa Mashi, nami ninaandika kwa Kiswahili. Hakujitetea. Mzee alikubali kwa sharti: aje apige sindano, kisha arudi kwa kaka yake. Ndani ya nyumba hatalala.

Sasa ninafika mahali ambapo ningependa kuruka, kama nilivyoruka siku ile.

Nabintu alikuja mjini kufundishwa. Muuguzi aliyemfundisha alitoka Kinshasa, alijua Kifaransa na Kilingala, na Nabintu alijua Mashi na Kiswahili kidogo cha soko. Nikaitwa kutafsiri. Muuguzi alisema mambo matatu. La kwanza: vuta dawa mpaka mstari huu, usizidishe. Nikatafsiri. La pili: kila asubuhi, usikose hata siku moja. Nikatafsiri. La tatu alilisema wakati Papa Birindwa ananiita kutoka labo kwa sauti ya juu, kuna mama anayejifungua anapoteza damu, njoo tumpime kundi la damu. Nilikimbia. Muuguzi alimwona Nabintu anaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akafikiri ameelewa yote.

Sentensi ya tatu ilikuwa hii: usimpige kamwe kama hatakula.

Kwa miezi miwili haikuhitajika. Nabintu alikuja alfajiri, akapiga sindano, akapika uji, akangoja bakuli litoke tupu, akaondoka. Chupa ya insulini aliihifadhi ndani ya chungu kilichowekwa ndani ya chungu kingine, katikati mchanga uliomwagiwa maji, ili ikae baridi. Nsimire alinenepa. Tulijisifu labo nzima.

Kisha ikafika Jumapili ya komunyo ya kwanza. Nsimire alivaa gauni jeupe na, kama watoto wengine, alifunga asubuhi ili apokee. Sindano alipigwa, maana nilisema isikosekane hata siku moja. Insulini ikafungua milango yote ya mwili, na katika damu hakukuwa na kitu cha kuingiza isipokuwa kile kidogo kilichobaki, nacho kikaisha. Wakati wa mahubiri alianza kutoka jasho. Akatetemeka. Kabla ya foleni ya komunyo kuanza, alianguka kati ya mabenchi, mwili ukikakamaa, mbele ya parokia nzima. Na mtu akapiga kelele: "Amemumaliza!"

Zamu ya labo Jumapili ile ilikuwa yangu. Moto mbili, pikipiki za abiria, ziliingia katika uwanja wa hospitali: moja imembeba mtoto amebanwa kati ya dereva na baba yake, ya pili imembeba Muzee Bahizire, amemshika Nabintu mkono kama mtu anayeshika mwizi. Daktari hakungoja jibu letu; alimtia sukari kwenye mshipa. Damu niliyoitoa kabla ilinipa namba ishirini na mbili, ilhali ya mtu mwenye afya haishuki chini ya sabini. Nilipima tena, nikidhani nimekosea. Ishirini na mbili.

Papa Birindwa hakuwa wa zamu, lakini kila Jumapili baada ya misa alipita kuangalia friji ya damu, kwa sababu hakuamini friji. Alisoma namba ile akichungulia juu ya bega langu.

"Alikula?"

"Alifunga kwa sababu ya komunyo."

"Na maman yake alijua kama hapana kupiga bila kula?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Hapo ndipo nilipoikumbuka sauti ya muuguzi, na mlango, na miguu yangu ikikimbia.

"Papa, sikumuambia."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alivuta kiti, akakaa, akasema: "Hii namba, mimi nitaandika ndani ya kitabu. Ile neno ingine, ni wewe utaenda kuwaambia."

Wakati huo Nsimire alikuwa amefungua macho. Gauni lilikuwa na matope pindoni. Aliuliza, "Nilishapokea komunyo?"

Nje, karibu na geti, Nabintu alisimama katikati ya watu. Kitambaa chake kilikuwa kimetoka kichwani. Muzee Bahizire alikuwa akimwambia mtu wa ulinzi aite polisi. Nilikwenda. Nakumbuka changarawe chini ya viatu vyangu na kwamba nilikuwa bado nimevaa glavu.

"Muzee," nilisema, "muachie huyu maman. Kosa ni yangu."

"Yako namna gani?"

"Alipiga sindano vile nilimufundisha. Kulikuwa neno moja ya kumuambia, asipige kama mutoto hatakula. Nilikimbilia kazi ingine. Sikusema."

Alinitazama kama alivyokitazama kile kioo. "Wewe njo ulitaka kuua mutoto wetu?"

"Sikutaka. Lakini njo mimi."

Nilingoja kofi, au tusi. Mzee aliuachia mkono wa Nabintu, akavua kofia yake na kukaa akiizungusha vidoleni. Mwisho alisema, si kwangu hasa: "Na sisi tulimufukuza kwa kosa ya nani?"

Nabintu hakumwangalia. Aliniangalia mimi. Nilitaka kumwomba msamaha, na nilikuwa nimeanza, lakini alinikatiza.

"Sema tena," alisema. "Yote. Pole pole."

Nikasema yote pale getini. Kwamba sukari ikizidi inaua polepole, na ikipungua inaua haraka. Kwamba jasho, kutetemeka, kusema ovyo, ni dalili ya kushuka. Mtoto anayeweza kumeza apewe sukari mara moja, kisha chakula. Nabintu alirudia kila neno baada yangu, kwa Mashi, mara tatu, akinisahihisha niliporuka kitu katika marudio. Kuanzia siku ile alifunga sukari kwenye ncha ya kitenge chake, na hakufungua fundo hilo hata akienda shambani peke yake.

Mimi pia nilibadilika. Mlionifahamu mnajua kwamba sikumwacha mgonjwa aondoke kabla hajanirudishia maneno yangu kwa mdomo wake. Mliniita Maman Rudia, mkidhani sijui.

Wiki mbili baadaye, siku ya soko, Muzee Bahizire alivuka barabara ya Mudaka na godoro la Nabintu juu ya kichwa chake mwenyewe, akimrudisha nyumbani. Mzee wa ukoo, mbele ya watu wote, akisimama kusalimiana ili kila mtu aone vizuri. Nilisimuliwa na wengi. Na Nsimire alipokea komunyo mwezi uliofuata, baada ya kula bakuli la uji, kwa ruhusa ya padri, ambaye alisema Mungu hapati faida yoyote mtoto akizimia.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoililia. Nsimire alikuja kila mwezi. Nilimsikia kutoka kwenye korido, kwa sababu alikuwa akiwaiga manesi wote kwa sauti. Aliingia labo bila kubisha, akaketi kwenye kiti changu, akatoa kidole kabla sijamwomba. Mashine ndogo zilipofika, alizijua kabla yangu. "Maman Faida, umeipindua," aliniambia, na ilikuwa kweli. Papa Birindwa alimwekea daftari lake mwenyewe. Papa Birindwa alipostaafu aliendelea kupita Jumapili kuangalia friji, mpaka Jumapili moja hakupita. Tulimzika tukiwa na blouse zetu. Labo ilibaki na mashine nzuri zaidi, na ukimya mbaya. Siwezi kuwaeleza jinsi mtu anavyoweza kuumia kwa kukosa mluzi.

Nsimire aliolewa na mwalimu, wakahamia upande wa Mwenga. Nabintu alimwambia mkwe ukweli wote kabla ya mahari, akamfundisha sindano, na kumrudisha mwanzo kila alipokosea. Walipata mtoto wa kike, Asifiwe. Insulini tulimtumia kila mwezi kwa thermos, na madereva wa barabara ile walimfahamu.

Kisha barabara ilifungwa. Mnajua hali zetu za vita, sihitaji kueleza nani na kwa nini. Thermos ilikwenda ikarudi kama ilivyokwenda. Nsimire alinipigia simu.

"Maman, imebakia kidogo. Ninapunguza kila siku."

"Usipunguze, binti yangu."

"Sasa nifanye nini?"

Wadogo zangu, nilifanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini. Nilimwambia anywe maji. Nilimwambia tunatafuta njia, na kweli tulitafuta. Tuliuliza kila mtu mwenye gari, kila mtu mwenye miguu. Alicheka, akamwiga muuguzi wa Kinshasa ili nami nicheke. Baada ya siku kumi na moja mume wake ndiye aliyenipigia, kusema amefariki. Barabara ilipofunguka, Nabintu alikwenda, akalia kaburini kidogo sana, walisema, akarudi Mudaka na Asifiwe.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Mliona ninafanya kazi vizuri. Nilikuwa ninaogopa kurudi nyumbani.

Sasa ninaamka saa ileile. Ninavaa, kisha ninakumbuka kwamba sina pa kwenda. Ninatamani harufu ya alkoli, benchi lililojaa, mtu wa kunirudishia vioo vichafu. Zaidi ninatamani mlango unaofunguliwa bila kubishwa. Juzi nilishindwa kukaa, nikachukua gari pale Nyawera, nikaenda Mudaka.

Nabintu amezeeka. Tulikula viazi na maharage, tukaongea habari za mvua. Asifiwe, ambaye ana miaka mitano, alikuwa akiruka kamba uani, mnene, mwenye kelele. Tulipomaliza kula Nabintu alinawa mikono na kuniambia, "Umekuja na mashine?"

Nilikuwa nayo. Sijui kwa nini bado ninatembea nayo.

"Pima huyu."

"Nabintu, mutoto anacheza, anakula, ananenepa. Hana kitu."

"Ninajua. Pima."

"Kwa nini basi?"

"Kila asubuhi ninamuangalia akiamuka," alisema. "Sitaki kuwa wa mwisho kujua."

Nikamwita Asifiwe. Alikuja anahema, akatoa kidole, akafumba jicho moja. Nikachoma, nikaweka tone, tukangoja zile sekunde tano, na ninawaambia zilikuwa ndefu kuliko kuchemsha.

"Inasema nini?" Nabintu aliuliza.

"Mia moja na mbili. Na ametoka kula sasa hivi."

"Iko mbaya?"

"Iko muzuri sana. Kongosho yake inafanya kazi."

Nabintu alikaa chini pale pale mlangoni. Kwanza nilifikiri amechoka. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na akamlilia Nsimire kwa sauti, kilio chote ambacho hakukitoa Mwenga, mpaka majirani wakasimama barabarani. Mimi nilikaa karibu yake na mashine mkononi, nami nikalia.

Asifiwe alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Akakiangalia kidole chake, akamwonyesha bibi yake.

"Koko, usilie," alisema. "Haikuniuma sana."

Hatukumsahihisha.